Upande wa Nne

Wivu wangu ulianza na jenereta. Ikinguruma tu nyuma ya ofisi ya walimu, darasa langu la tano, pale Kalangalala mjini Geita, lilikuwa likigeuza shingo lote dirishani. Walijua mwalimu mgeni anawasha kompyuta.

Miaka ya tisini ilikuwa inaishia. Wazungu waliokuwa wakitafuta dhahabu vilimani waliiachia shule yetu kompyuta yao kuukuu, na ndani yake ramani ya dunia yenye mazoezi tayari: tafuta mto, pima umbali, onyesha mji. Ukipatia, inalia kengele. Pembeni kulikuwa na mishale minne. Ukibofya mmoja, unakwenda upande huo. Mwalimu mgeni, kijana wa Tanga, nadhifu mpaka kucha, hakuandaa chochote. Alibofya, akakunja mikono, watoto wakashangilia.

Ramani yangu mimi ilikuwa ya majivu. Niliichora uwanjani kwa majivu ya jikoni kwangu, Ziwa Victoria likiwa kubwa kama darasa, na watoto wakaitembea kwa miguu: wewe nenda Nkome, wewe rudi Mwadui. Mvua ikinyesha, naanza upya. Na kwa kuwa wengi nyumbani walizungumza Kisukuma, niliwafundisha pande za dunia kwa lugha yao kwanza, ingawa darasani ilikatazwa: juu, kaskazini, ni sukuma; chini, kusini, ni dakama. Walipenda sana. Ilipokuja ile kengele, majivu yangu yakawa takataka za kufagia. Kipya kinyemi, ingawa kidonda. Nilimwonea kijicho yule kijana.

Kisha mwalimu mkuu akatangaza kwamba mkaguzi ndiye atakayeamua nani abaki na jiografia ya darasa la tano. Jiografia ilikuwa yangu tangu nianze kazi. Sikuwa na kingine cha kujivunia pale shuleni.

Siku ya ukaguzi nilikaa nyuma, roho inaniwaka. Kijana alimwita mbele binti mmoja wa Nkome, mtoto wa muuza dagaa, msikivu kuliko wote, niliyemfundisha ramani mwenyewe. Kwenye kioo ilionekana Kampala.

"Mwonyeshe mgeni wetu Geita," akamwambia.

Binti akashika mausi, akamtazama mwalimu wake.

"Sukuma," kijana akamhimiza, akimaanisha mausi. "Sukuma tu, usiogope."

Binti akabofya mshale wa juu. Ziwa likatoweka.

"Sukuma, mama, sukuma!"

Akabofya tena na tena, tukaingia Sudani. Mkaguzi akauliza lini Geita imehamia huko, darasa likaangua kicheko. Mimi nilielewa papo hapo, na raha niliyoipata ilikuwa tamu kuliko asali. Acha aumbuke, nikasema moyoni.

Lakini binti alinigeukia. Alikuwa ametii kila neno.

"Dakama, mwanangu," nikasema. "Dakama!"

Akabofya mshale wa chini. Likarudi ziwa, ikaja Geita, kengele ikalia. Mkaguzi akampa kijana mkono, akisifu mashine inayofundisha hata watoto wa wavuvi. Mimi aliniambia, bila kunitazama, kwamba lugha za nyumbani zibaki nyumbani. Jiografia ikaenda kwa kijana.

Jioni ile alibisha hodi kwangu.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba."

"Sukuma na dakama nimezishika. Naomba unifundishe na hizo mbili zilizobaki, watoto wananicheka."

Nikamkaribisha kiti, nikamtilia chai, maana mgeni ni mgeni. Nikamwambia magharibi ni ng'weli. Akairudia mpaka ulimi wake wa Tanga ukaizoea, akafurahi kweli.

"Na mashariki, dada?"

Mashariki ni kiya, nikasema moyoni.

"Kunywa chai, mwalimu," nikamwambia. "Inapoa."