Dakika Arobaini Kabla ya Kilima

Mwalimu alifundisha vita ile ya kilimani miaka thelathini na moja bila kuuona uwanja wake hata siku moja. Alichora kilima ubaoni, mishale ya wavamizi huku, mahandaki ya wenyeji kule, na wanafunzi wakamwamini kana kwamba alikuwepo. Siku zote alisema atakwenda akistaafu. Alipostaafu, figo nazo zikastaafu.

Sasa kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa alilala kwenye mashine ya kusafisha damu. Maji ya kunywa alipimiwa kwa kikombe cha mtoto.

Mkewe, fundi cherehani, ndiye aliyeamua kwamba safari isingoje tena. Alitandaza mezani karatasi ya kukatia mitindo, akaipanga Alhamisi kama mtu anayepima koti. Kuondoka saa kumi na moja alfajiri. Saa mbili uwanja wa vita. Saa nne baharini, maana ni nusu saa tu kutoka pale, Mwalimu akae mchangani miguu majini. Saa kumi wawe nyumbani. Gari angeendesha shemeji yake, mdogo wa Mwalimu.

Jumatano wakaambiwa mashine imeharibika.

"Mleteni kesho saa sita mchana," muuguzi alisema. "Msichelewe, mama. Maji yakijaa mapafuni, hatuna ujanja."

Fundi alirudi kwenye karatasi yake akaifuta bahari. Akapima upya: wakiondoka saa kumi usiku, saa moja wamefika, saa tano wako hospitali. Kitambaa kilikuwa hakitoshi, na yeye alikijua kitambaa kisichotosha.

"Tuahirishe," alisema.

"Hadi lini?" Mwalimu alimwonyesha miguu iliyovimba hadi viatu vimekataa kuingia.

Fundi akaikunja karatasi yake. Wakaondoka, Mwalimu amevaa ndala.

Njiani aliongea kama kasuku: nani alitokea bondeni, nani alikimbia, nani aligoma kukimbia. Kisha akanyamaza katikati ya sentensi. Pumzi ikawa fupi, inakoroma kama sufuria inayotokota. Midomo ikaanza kubadilika rangi.

Shemeji akapunguza mwendo. "Shemeji, zimebaki dakika arobaini. Twende au turudi?"

Mwalimu aling'ang'ania kiti cha mbele. "Twende. Nakuomba, mke wangu. Nikione tu kilima. Hata dirishani."

Mbele vilima vilikuwa vimeanza kujitokeza, vitatu au vinne, vyote vya kijani. Fundi hakujua kipi ndicho.

"Geuza," alisema.

"Mke wangu!"

"Nimesema geuza gari!"

Mwalimu alilia, mtu mzima yule, bila sauti, kwa kuwa sauti ilitaka pumzi. Fundi alimshikilia aketi wima njia nzima, na njia nzima Mwalimu hakumtazama.

Hospitali walimpokea mbio mbio. Mashine, iliyotoka kutengenezwa muda ule, ikamwahi kwa tundu la sindano. Jioni daktari alimwita Fundi pembeni: mwili umechoka, mzee asitoke tena nje ya mji.

"Ungeniacha nifike," Mwalimu alisema, uso ameugeuzia ukutani.

"Ukafie kule? Mimi ningerudi na nani?"



Mwalimu aliishi wiki saba zaidi. Alizungumza na mkewe habari za dawa, za uji, za bati linalovuja. Vita hakuitaja tena, na Fundi hakuthubutu kumuuliza.