Kadi Mbili, Njia Moja: Mlinzi wa Mashine za Wodi ya Wachanga

Saa nne asubuhi, mwanamke amechuchumaa nyuma ya kabati la chuma katika chumba cha mitambo cha hospitali. Sweta amelifunga hadi kidevuni kwa baridi ya kiyoyozi, simu ameibana kati ya sikio na bega.

"Dada, skrini zinaonyesha?"

"Zote," anajibu muuguzi wa wodi ya watoto wachanga, ghorofa ya juu. "Na kila kitanda kina mtu."

"Haya, naanza."

Wenzake humwita Mama Nyaya, ingawa hajazaa. Analinda kompyuta moja kubwa iliyogawanywa ndani kwa ndani ikawa kama kadhaa. Mafundi huziita mashine pepe. Moja inahudumia maabara, nyingine wodi. Kila moja ina kadi yake ya mtandao, na hujiona iko peke yake.

"Ni wapangaji wasiojuana," anasema, "lakini bomba la maji ni lile lile."

Bomba hilo ni njia ya data ambamo kadi zote mbili zimechomekwa. Mwezi uliopita kadi ya maabara iligoma. Mashine yake ikaomba kadi hiyo iwashwe upya. Kiini cha mfumo, programu inayosimamia vifaa vyote, kikakubali bila kuuliza nani mwingine yupo, kikawasha upya njia nzima. Kadi ya wodi ikazimika nayo.

Skrini za mapigo ya moyo zikawa nyeusi. Wauguzi wakakimbilia vitanda, wakafuata pumzi za watoto kwa macho mpaka picha zikarudi. Hakuna aliyedhurika. Mmoja wa watoto hao ni wa kaka yake Mama Nyaya.

"Wifi alinipigia. Mke wa kaka, si mtandao," anasema, bila kucheka. "Akaniambia, 'Wifi, mtoto haonekani kwenye skrini!'"

Kompyuta ya pili ya kuhamishia wodi haikuwepo. Akaandika upya sehemu ya kiini: ombi la kuwasha upya likija, kikague kwanza nani wako kwenye njia, akiwapo mwingine kazini, kikatae.

Sasa kadi ya maabara imegoma tena; anabonyeza kutuma ombi la kuiwasha upya. Ombi la maabara linakataliwa.

"Dada?"

"Zinaonyesha."

Anaketi sakafuni. Fundi wa maabara anachungulia mlangoni akilalamika kwamba kadi yake bado imegoma.

"Vumilia, kaka. Damu yako iko kwenye chupa, haikimbii."

Mpango wa Mama Nyaya ni kuipa wodi njia yake yenyewe, isiyo na mpangaji mwingine.

"Hapo," anasema, "wauguzi wanaweza hata kuisahau namba yangu. Nitafurahi."