Godoro la Shangazi

Miaka ile ya ruksa, maduka yalipoanza kujaa sabuni na mitumba baada ya uhaba wa muda mrefu, shangazi yangu wa Mbwera aliletewa godoro la sponji. Alilileta mfanyabiashara aliyekuwa akinunua mikeka yake na kuipeleka Dar es Salaam. Boti ilifika maji yakiwa yamekupwa, ikabidi wanaume wawili walibebe vichwani wakikanyaga tope mpaka mlangoni.

Majirani walikuja kulitazama. Kila mmoja alilibonyeza kwa kiganja, akasubiri liinuke, akacheka.

"Una bahati wewe," walimwambia.

"Bahati hii imenichubua vidole miaka ishirini," shangazi akajibu.

Asubuhi nilimkuta amelala sakafuni, juu ya mkeka. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, nakaa kwake, na nilitaka kujua kila kitu.

"Shangazi, godoro limekukosea nini?"

"Limenimeza. Usiku kucha natafuta chini iko wapi."

Wiki hiyo jirani yetu alijifungua mapacha, akawa hawezi hata kugeuka kwa maumivu. Shangazi aliniita tukalibeba godoro mpaka kwake. Yule mzazi alilala kama aliyezimia, na mama yake akalia kwa furaha. Arobaini ilipotimia walitaka kulirudisha, lakini nyumba ya tatu kulikuwa na mwingine amejifungua. Likaenda huko. Tangu hapo halikurudi kwetu, likawa linahama na watoto wachanga.

Mfanyabiashara alipokuja tena, alimkuta shangazi ameketi mkekani akisuka, akachungulia chumbani akaona kitanda kitupu. Uso ukamwiva kwa hasira.

"Mama, umeuza zawadi yangu?"

Shangazi hakubishana naye. Alijitanda kanga, akamwongoza mpaka kwenye nyumba lilipokuwa. Mume wa mzazi aliingia kuomba ruhusa, kisha akatukaribisha. Mtoto alikuwa amelala katikati ya godoro, mikono ameitupa huku na huku kama tajiri. Yule bwana alivua kofia, akatoka.

Njiani alisema, "Basi nikuletee nini wewe upumzike?"

"Niletee rangi ya zambarau. Na ya kijani, ile isiyochuja."

"Mimi nakuuliza habari ya raha, wewe unaniagiza kazi!"

"Umenikuta nimeikalia raha yangu, hukuiona tu."

Alicheka, lakini mimi sikucheka. Maneno yale yalinikaa kichwani. Nilikuwa nikimwona shangazi akisuka ukili, ile mikanda ya ukindu inayoshonwa kuwa mkeka, tangu alfajiri, mgongo umepinda, na siku zote nilimwonea huruma.

Rangi zililetwa. Nilimwomba anifundishe, nijionee mwenyewe hiyo raha ilikojificha. Miezi ya kwanza sikuiona. Niliona vidole vinavyowaka na ukili uliopinda, ambao shangazi aliufumua bila kunisema. Nilidhani alimdanganya yule bwana ili amnyamazishe.

Kisha mchana mmoja wa mvua alinigusa bega. Wali wangu ulikuwa umepoa pembeni, na sikumbuki nani aliuweka pale. Mikononi nilikuwa na ukili mrefu, zambarau na kijani, umenyooka.

"Umechoka?" aliniuliza.

Nilijichunguza kwa makini kabla ya kujibu. Mgongo ulikuwa umechoka kweli. Ila mimi, sikuwa na hakika.