Jenerali Aliporudi Gatina Kuuliza Kaburi

Mwanangu, siku ile naikumbuka hadi viatu nilivyovaa, maana vilikuwa vya kuazima. Mtaa wetu wote wa Gatina ulikuwa umefagiwa. Jenerali mmoja wa Mau Mau, aliyejificha kwetu wakati wa vita vya uhuru, alikuwa anarudi kutusalimia, nami ndiye niliyechaguliwa kumpokea kwa kibuyu cha uji.

Kwa nini mimi? Mdomo wangu! Nilikuwa nimetangaza kwenye kila kibanda, mpaka Lindi kule Kibera, kwamba babu yangu ndiye aliyemficha. Nilidhani jenerali alishakufa, nani angenikosoa? Ukweli ni kwamba babu alikuwa homugadi, mlinzi wa Wazungu. Nyumbani tulilijua hilo na hatukulitaja. Njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia mbele ya watu wote.

Mzee alishuka garini, kina mama wakapiga vigelegele. Akanipa mkono. "Wewe ni wa nani?"

Nikataja jina la babu. Hakuuachia mkono wangu. Magoti yalinicheza, mwanangu. Nikaona heri niaibishwe na mdomo wangu kuliko wake.

"Guka," nikamwita kwa heshima ya mababu, "nimedanganya watu," nikasema kwa sauti. "Babu hakukuficha. Alikuwa homugadi."

Watu wakaguna. Mzee akainua fimbo, wakatulia.

"Huyo babu yako alinitafuta na bunduki miezi mingi," alisema. "Siku moja akanipata nimelala kwa zizi la mbuzi, mguu umevimba. Akaniangalia. Halafu akaambia wenzake, 'Hapa hakuna mtu, twende.' Mimi nimekuja kuuliza kaburi lake liko wapi."

Nililia bila haya, kwa raha. Babu alikufa bila kutuambia hata neno. Mzee akanywa uji wake wote, akanitemea mate kifuani, baraka ya wazee wetu, kisha nikampeleka kaburini nyuma ya ploti yetu. Nilitembea pekupeku, maana vile viatu vilikuwa vimenichubua vibaya.

Basi usiwaazimie watu wako sifa, hata kama historia yao inakuuma. Huenda wana jema lao ambalo hukuambiwa, na uongo wako ndio unaolifunika. Mimi nusura nilizike la babu mara ya pili.

Sogea hapa nikutemee mate kifuani, usikunje uso. Mungu akupe jina lako mwenyewe, na siku likitajwa mbele ya watu, magoti yako yatulie.