Mlo wa Saa Kumi

Natamani ningemkatalia rafiki yangu wa Malaba aliponishawishi nile mara moja tu kwa siku, saa kumi alasiri, ili nipunguze tumbo. Tumbo lilipungua. Sikuelewa kwa nini mke wangu naye alikonda.

"Mama, hata wewe umeanza kufunga?" nilimuuliza.

"Mzee, nitakula aje kabla yako?"

Hapa Amukura, wanawake wa rika lake hawapakui kabla ya mume. Nilimwambia ale tu, lakini mimi niliendelea kufunga, naye akaendelea kuningoja, huku akimeza dawa za sukari asubuhi bila kula chochote. Siku moja akazirai jikoni.

Binti yetu alimchukua, akampeleka kwake Sigalame. Hajarudi. Sasa naweza kula saa yoyote, lakini nakula peke yangu.