Ngazi Saba Nilizozijenga

Kutoka Kisangani hadi Beni nilitumia siku kumi na moja juu ya lori la chumvi na mabati. Mvua ilikuwa imeila barabara. Kila tulipokwama, dereva alikata matawi akayatia chini ya magurudumu, nasi abiria tukasukuma mpaka suruali zetu zikawa rangi moja na njia. Naikumbuka asubuhi tuliyofika Mbau: kina mama wakichoma ndizi kando ya barabara, na mimi, baada ya msitu ule wote, nikiona mbingu nzima kwa mara ya kwanza. Nilikuwa na mwiko, timazi, pimamaji na jozi moja ya viatu. Mwashi hahitaji zaidi.

Beni nilijenga ukuta wa tajiri mmoja Mwislamu mwenye malori. Ulipokwisha, alinitazama nikifunga vyombo.

"Fundi, weye hauwezi kukaa fasi moja," alisema. "Ku Butembo, kule Bulengera, kuko Baprotestanti banajenga kanisa. Banatafuta mwashi. Kwenda."

Nikaenda. Siku zile kuhama kwangu kulikuwa kama kubadili bega la mzigo.

Bado naitamani baridi ile ya asubuhi, ukungu ukitambaa kati ya mikaratusi, na moshi wa maharage yaliyokuwa jikoni tangu alfajiri. Nilipanga chumba karibu na kiwanja cha kanisa. Penye lango la kiwanja alikaa mshona viatu, mtu wa rika langu, ambaye polio ilimnyausha miguu yote miwili utotoni. Alitembelea kinga, ndivyo baiskeli inavyoitwa kule. Yake ilikuwa na magurudumu matatu na pedali za mikono. Siku ya kwanza tu alivitazama viatu vyangu.

"Mutu wa Kisangani, hii viatu yako inakunywa maji?"

"Inakunywa."

"Leta niifunge kinywa."

Urafiki wetu ulianza hapo, na tuliuendesha kwa matusi madogo. Yeye aliniita mtu wa msitu. Mimi nilimwita shofa, yaani dereva.

Kanisa lile lilijengwa kwa salongo, kazi ya pamoja ya kila Jumamosi. Kila nyumba ilipaswa kuleta mawe kutoka mtoni: lundo linalofika magoti ya mzee wa kanisa aliyesimamia ujenzi. Mzee alisimama kando ya lundo, akalipima kwa goti lake mwenyewe, kisha akaandika jina katika daftari. Kazi ikiisha, watu walikaa juu ya matofali kushauriana, na aliyeandikwa ndiye aliyekuwa na haki ya kusema.

Kiwanja kilikuwa mlimani. Kabla sijafika, ibada ilifanywa chini ya turubai usawa wa barabara, na mshona viatu aliingia na kinga yake bila kumwomba mtu. Mimi nikajenga msingi juu, na mbele ya mlango nikaweka ngazi saba za mawe, kila moja imenyooka kama uzi. Watu walizisifu. Rafiki yangu alizitazama kwa muda.

"Ni mizuri," alisema, akageuza kinga.

Jumapili ya kwanza katika jengo jipya, paa likiwa bado nusu, vijana wanne walimbeba juu juu huku waumini wakipiga makofi. Kinga ilibaki chini, mvuani. Baada ya ibada nilikwenda kula. Alasiri nilirudi kuchukua pimamaji yangu, nikamkuta amekaa kizingitini peke yake.

"Bamekusahau?"

"Banasahau. Hapana kwa ubaya. Kila mumoja aliwaza mwenzake atanishusha." Akacheka kidogo. "Fundi, ulinijengea gereza muzuri sana."

Nilimshusha mgongoni. Alikuwa mwepesi, na hilo ndilo lililoniumiza. Tulipofika chini aliniambia kwamba Jumamosi ataomba njia ya mteremko, ili aingie mwenyewe kama zamani.

Jumamosi ilipofika aliinua mkono. Mzee wa kanisa alitabasamu.

"Mutoto wetu, weye hauko ku liste. Tulikuachilia juu ya huruma."

"Papa, nakaribia kuwa na wajukuu. Muniandike."

"Lakini, mawe utaleta na nini?"

"Na kinga."

Watu wakacheka. Mmoja akauliza kama kinga itapiga magoti mtoni. Mshona viatu naye akauliza, "Lundo inapimwa ku magoti ya nani? Kama ni yangu, leo nitamaliza." Hapo hata mzee alicheka, akasema basi, alete.

Alileta. Alifunga sanduku la mbao nyuma ya kiti, akawalipa watu wa mtoni kwa kuwashonea viatu ili wampakilie, lakini mlima aliupanda mwenyewe. Kila hatua chache alitia jiwe nyuma ya gurudumu, akapumua, akaanza tena. Waliokimbia kumsukuma aliwafukuza.

"Muache. Mukisukuma, mutasema ni mawe yenu."

Ilimchukua Jumamosi tano. Ya tano, mzee alisimama kando ya lundo. Lilikuwa limepita goti lake. Akafungua daftari, akaandika jina, akalisoma mbele ya wote.

Ndipo mwenye jina akasema haja yake. Mama mmoja muuza maharage, mwema kweli, alisikitika.

"Lakini, Papa, tunakubeba vizuri. Kukubeba inatupatia baraka."

"Mama, baraka yenu iko mingi. Miye naomba yangu kidogo tu: kuingia saa ninataka, na kutoka saa pasta anakataa kumaliza."

Kicheko kilipotulia, mzee alinigeukia. "Fundi, inawezekana?"

Ingenibidi kubomoa upande mmoja wa ngazi zangu. Nakiri nilizitazama kwanza kabla ya kujibu.

"Inawezekana."

"Na mawe? Yote ni ya ukuta."

"Tumieni yangu," alisema mshona viatu.

Mzee aliifunga kalamu. "Sawa. Alileta, achague."

Nilijenga kwa siku nne, nikaona nimemaliza. Yeye alishuka kwenye kinga akakaa chini, akaniamuru, "Panda weye kwanza." Nilifika katikati, pedali zikanishinda, nikarudi kinyumenyume hadi barabarani. Wapita njia walifurahi sana. Nilikuwa nimeujenga mteremko kwa jicho la mtu mwenye miguu. Nikaubomoa, nikaujenga upya, mrefu zaidi, ukizunguka mkaratusi wa pembeni. Baada ya hapo wajane wazee waliupita, na kina mama wenye watoto mgongoni. Ngazi zangu zilibakia kwa vijana wenye haraka.

Ukuta ulipokwisha, mwili wangu ukaanza kuniwasha kwa hamu ya safari, kama kawaida. Njia ya Beni ilikuwa na habari mbaya za mashambulizi kila wiki, nami nilijua nikienda sitarudi. Niliondoka Jumapili, kwa sababu gari lililopatikana lilikuwa la Jumapili. Nilimuaga mshona viatu jana yake. Alikuwa amevitia viatu vyangu soli za tairi, akasema zitafika mbali kuliko mimi.

Gari lilisimama mbele ya kanisa kupakia magunia. Ndani pasta alikuwa akihubiri. Sauti yake ilisikika hadi barabarani. Kisha nikaona kinga ikitoka mlangoni, ikazunguka mkaratusi, ikashuka polepole, yeye akishika breki kwa mkono mmoja.

"Ibada imeisha?" nilimuuliza.

"Hapana. Bado kabisa." Akapangusa jasho. "Ni miye nimetoka."

Tukapeana mikono. Dereva akapiga honi. Nilipanda juu ya magunia, nikageuka: alikuwa ameanza kupanda tena, taratibu, na hakuna aliyemkimbilia kumsukuma.