Mguu Usiotembea

Enzi za vijiji vya ujamaa nilitolewa Tanga nikapelekwa Dirma kuwa mhudumu wa zahanati, na alasiri nilifundisha afya kwenye darasa la watu wazima. Majivuno nilikuwa nayo mengi kuliko dawa. Siku moja nilichora mguu wa mtu ubaoni: mfupa wa kubeba mwili, msuli wa kuvuta mfupa, ngozi ya kufunika vyote. Nikarudi nyuma kuutazama kwa raha.

Bibi mmoja mfugaji, aliyekaa mbele na sketi yake ya ngozi, akacheka mpaka akafuta machozi.

"Mwalimu, mguu wako hautembei."

Nusura nimdai shikamoo niliyompa asubuhi.

Akanionyesha mshono wa sketi. Uzi wake ulikuwa kano za ng'ombe, alizozianika, akazichana na kuzisokota mwenyewe. "Hizi ndizo zinazofunga nyama kwenye mfupa. Wewe umeibandika kwa nini, kwa mate?"

Darasa likaangua kicheko. Akainama, akanibana nyuma ya kisigino, penye ukano mnene kuliko zote mwilini. Nikaruka kama mbuzi.

"Kumbe yeye anao," akawaambia wenzake.

Kisha akaomba chaki. Hata jina lake alikuwa hajajua kuliandika. Akavuta mstari mmoja kutoka kwenye msuli hadi kisigino, akanirudishia chaki yangu.

"Haya, umepona. Twendeni tukakamue."

Wakaondoka wote. Aliyeshindwa kutembea ni mimi.